Matembezi ya maporomoko: Tuanze na maji, pilau baadaye



Ndugu msomaji, nilipokuwa na miaka tisa au kumi hivi, ustadh wetu alitusomesha mlango wa twahara. Tulikariri kwa sauti moja maji saba yanayofaa kutawadhia: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Sisi watoto wa Moshi theluji tulikuwa tukiiona pale Kibo kila mawingu yalipofunguka, kwa hiyo mwenzetu mmoja akauliza kama inajuzu kupanda mlima kwenda kuchukua udhu huko. Alipata fimbo mbili. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha utabibu, mkufunzi aliandika ubaoni karibu maji yale yale, na mbele ya kila aina akaandika maradhi yake na ajali zake.

Mafunzo hayo mawili hayagongani hata kidogo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumebaki na la kwanza tu. Tukiona maji yanapita, hayana rangi wala harufu, unaona mpaka kokoto za chini, basi moyo unatulia. Fiqhi imetufundisha kuuliza kama maji yanafaa kwa ibada. Haikusema popote kwamba kila maji yanayofaa kwa ibada yanafaa kumtumbukiza mtoto wa miaka sita asiyejua kuogelea. Maji yanaweza kuwa twahara, ukatawadha nayo na udhu wako ukaswihi, na maji hayo hayo yakamchukua mwanao kabla hujamaliza kutandika mkeka.

Nayasema haya kwa sababu matembezi ya maporomoko na chemchemi yamekuwa sehemu ya Iddi zetu. Ni jambo jema, Alhamdulillah. Familia zinatoka mjini, watoto wanaona maumbile ya Mola wao, akina mama wanapumzika na jiko. Lakini hebu tujiulize namna tunavyopanga safari hizi. Kamati inaundwa, mchango unakusanywa, Kosta inakodiwa, kuku wanahesabiwa, ugomvi mdogo unatokea juu ya nani apike pilau na nani ashike fedha. Nimehudhuria vikao kadhaa vya namna hiyo. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: Kina cha maji pale ni kiasi gani? Nani kati yetu anajua kuogelea? Mto huo mwezi huu ukoje?

Na mimi sijitoi. Miaka michache iliyopita kamati ya madrasa moja iliniita nizungumze nusu saa juu ya afya kabla ya matembezi yao. Nilizungumza juu ya kunawa mikono kwa sabuni na kufunika chakula. Nilijiona nimefundisha vizuri. Juu ya maji waliyokuwa wanayaendea sikusema neno.

Siku ya Iddi Pili nilikuwa zamu. Saa tisa na nusu alasiri iliingia Noah ikiwa imewasha taa, ndani yake mabinti wawili wa tumbo moja. Mdogo aliteleza kwenye jiwe lenye ukungu ukingoni mwa dimbwi. Dada yake, mwenye miaka kumi na nne, akamfuata na baibui lake lote na mtandio, amshike mkono. Hakuna aliyejua kuogelea kati yao. Vijana wa kijiji ndio waliowatoa. Kisha watu wazima wakamshika yule mkubwa miguu, wakamning'iniza kichwa chini na kumzungusha ili maji yatoke, halafu wakampakia garini, safari ya dakika arobaini, amelazwa juu ya mapaja ya watu. Muda wote huo hakuna aliyempulizia pumzi hata moja kinywani. Mdogo aliishi. Dada yake tulimsitiri asubuhi yake.

Shangazi yao alikuwa bado ameshika mfuniko wa sufuria. Nilimwuliza baba, si kwa kumlaumu bali kwa sababu fomu inataka, nani alikuwa anawaangalia watoto. Akanijibu: "Daktari, sote tulikuwepo." (Mimi ni tabibu, si daktari, lakini mtaani hawatofautishi.) Jibu lile sijaweza kulisahau, kwa kuwa lilikuwa kweli. Walikuwepo watu wazima kumi na mmoja.

Kuzama hakufanani na tunavyokuona kwenye filamu. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo wake uko sawa na uso wa maji, unazama na kuibuka, na kila ukiibuka anahangaika kuvuta hewa, hana nafasi ya kuita. Mikono inakandamiza maji kwenda chini. Kichwa kimeegemea nyuma. Ukiwa mita kumi tu unaweza kudhani mtoto anacheza, na ndani ya dakika moja au mbili ameshakwenda chini. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021 peke yake, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa kuliko yote. Kwa hiyo nikisema mpango wa safari uanze na maji, sizidishi chumvi.

Tuanze na kalenda, maana hapa Waislamu tuna jambo letu mahsusi. Mwaka wetu hufuata mwezi, na kila mwaka Iddi husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya kawaida. Iddi el-Fitri ya mwaka 2024 iliangukia wiki ya pili ya Aprili, na ya mwaka 2025 mwishoni mwa Machi. Kwa wakazi wa Kilimanjaro, Arusha, Tanga na Morogoro hiyo ni masika, na Aprili ile ya 2024 ndiyo ya mafuriko makubwa yaliyoua watu wengi nchini. Mito imejaa, mawe yanateleza, maji yana tope na huwezi kuona kina. Juu ya hayo, siku ya Iddi watu wanajazana kiasi kwamba mtoto akipotea machoni humpati tena kwa haraka. Rai yangu, na najua wengi hawataipenda, ni kwamba siku ya Iddi yenyewe ndiyo siku mbaya kuliko zote kwenda kwenye maporomoko. Siku hiyo tembeleaneni, pelekeni watoto kwa babu na bibi. Safari ya maji iwekeni Juni hadi Septemba, au Januari na Februari, na kama mnaweza iwe siku ya katikati ya wiki watoto wakiwa likizo. Ukienda asubuhi ya Jumanne unakuta mahali pako wazi, mnagawana zamu za wanaume na wanawake bila kubanana, na hata mwenyeji wa pale anakuwa na muda wa kukueleza habari za maji yake.

Maana maji hayafanani. Chukua Materuni, kule Uru, juu ya mji wa Moshi. Mnatembea katikati ya migomba na kahawa mpaka kwenye poromoko lenye urefu wa mita zipatazo 80, na kwa kweli ukilitazama unasema Subhanallah bila kuambiwa. Yale ni maji ya mlimani, baridi. Mwili uliopata joto la kupanda na kushuka ukiingizwa humo kwa ghafla, kifua huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari ya mtu, na kama wakati huo uso uko chini ya maji, kinachovutwa ni maji. Moyo nao huenda mbio, jambo ambalo si salama kwa mwenye presha. Ingia polepole, miguu kwanza, nawa uso, subiri mwili uzoee. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko wewe. Ukiona midomo imebadilika rangi na anatetemeka, mtoe, mkaushe, mpe chai, na asirudi tena hata akilia.

Usisimame chini ya poromoko lenyewe ili maji yakupige kichwani. Picha inapendeza, nakubali, lakini maji yale hushusha mawe na magogo bila taarifa. Aidha povu pale chini ni mchanganyiko wa maji na hewa, halikubebi kama maji ya kawaida, na mkondo huzunguka kuvuta chini. Na jambo lingine ambalo wageni wa milima hawalijui: mvua inaweza kunyesha msituni juu huko nanyi mko juani mnakula machungwa. Dalili zake ni maji kuanza kuwa ya udongo, majani na vijiti kushuka, sauti ya mto kubadilika, na jiwe mlilokuwa mmekalia kuanza kulowa. Ukiona mojawapo, pandeni juu pembeni, papo hapo. Sufuria liacheni.

Chemka ni habari nyingine kabisa. Iko uwanda wa Hai, mnapita Boma Ng'ombe kisha barabara ya vumbi katika nchi kavu, na ghafla mnakuta miti ya mikuyu na maji ya samawati yakitoka chini ya mizizi. Wageni huiita chemchemi ya maji moto, lakini ukweli ni ya uvuguvugu tu, na raha yake iko hapo. Samaki wadogo wanakuja kudonoa miguu, watoto wanacheka. Hatari ya Chemka ni ule uzuri wake. Maji yakiwa angavu namna ile, jicho linadanganyika. Unaona chini ya dimbwi kama pako kwenye kiuno, kumbe mtu mzima anazama akiwa amenyoosha mikono. Ipo pia kamba ya kurukia. Kijana akirukia mahali asipopajua, au juu ya mwenzake, anaweza kuvunja shingo, na hilo halina dawa kwenye zahanati yoyote. Pima kina kwa fimbo ndefu au muulize mwenyeji, na asiyejua kuogelea akae ukingoni. Na msinywe maji ya chemchemi za huko kwa kudhani ni ya dawa: Kilimanjaro na Arusha zina maeneo ambayo maji yana madini ya floridi mengi, ndiyo yanayowapaka watu wetu meno rangi ya kahawia.

Walioko upande wa Morogoro na Ifakara wanayo Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, mita 170 kwa hatua tatu. Huko mnaingia na mwongozaji, jambo linalonifurahisha, na mnapanda msituni. Bibi mwenye magoti mabovu asibebwe kwa aibu ya kuachwa nyuma. Apangiwe pahala pazuri pa kukaa tangu nyumbani.

Sasa, wapo wasomaji watakaosema: "Basi sisi tutashuka chini, pale mto unapotulia, maji ya magotini, tuwaogeshe watoto kwa amani." Kwa kuzama umepunguza hatari, ingawa hujaiondoa. Lakini umeingia kwenye nyumba ya kichocho. Minyoo wachanga wa kichocho hutoka kwa konokono wa majini, na konokono huyo hapendi maji ya kasi wala maji ya baridi ya juu mlimani. Anapenda pale pale akina mama wanapopapenda: maji yametulia, jua linapiga, tope laini, majani pembeni. Ndiyo maana kichocho kinajulikana sana uwanda wa chini wa Moshi kwenye mifereji ya mpunga, na vijiji vya kando ya Ziwa Victoria. Minyoo hao hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Huhisi kitu. Pengine usiku huo unawashwa, unadhani ni majani. Baada ya wiki kadhaa homa na kikohozi, unapewa dawa ya malaria. Baadaye sana ndipo mkojo wa damu, au damu chooni, na ini kuanza kuharibika.

Dawa ipo, prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na hugawiwa mashuleni. Ukiwa umeoga maji ya mashaka usije kupimwa kesho yake, maana hakutaonekana kitu. Njoo baada ya wiki sita hadi nane, na useme wazi kwamba uliingia mtoni. Wengi hawasemi, nasi hatuulizi.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka ustadh wangu kwa heshima kubwa. Mayai ya kichocho hutoka na mkojo au choo cha mgonjwa. Yakiingia majini yanaanguliwa na kumtafuta konokono, na mzunguko unaanza upya. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, na akatahadharisha juu ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye kivuli cha watu. Sisi tulikariri haya kwa ajili ya mtihani. Kisha tunakwenda matembezi, mtoto anasema mkojo umembana, na baba mwenye kanzu nyeupe anamwelekeza: "Nenda pale mtoni." Kabla ya kulipa Kosta, uliza kama kuna choo na kina maji. Kama hakuna, chagua mahali pengine. Nepi za watoto zirudi nyumbani ndani ya mfuko, zisifuliwe mtoni. Kule Uru na Marangu maji ya mito huingizwa kwenye mifongo na kuwafikia watu walioko chini yako, nao ni wenye haki juu yako.

Sasa niseme juu ya dada zetu, na hapa huenda baadhi ya masheikh wakanikunjia uso. Nimeona makosa mawili. La kwanza ni kuwaacha wakaingia majini na mabaibui. Kitambaa kile kikilowa kinakuwa kizito, kinazonga miguu, na mtandio wenye ncha ndefu unaweza kuziba uso. Kujisitiri ni wajibu, lakini hakuna aliyesema sitara lazima iwe baibui. Suruali pana ya kitambaa chepesi, juu yake shati refu linalofika magotini, na kofia ya mtandio iliyoshonwa isiyo na pini, vyatosha. Lipo pia vazi la burkini, alilolibuni Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanon, mwaka 2004. Fundi yeyote wa cherehani hapa mjini anaweza kushona la mfano wake akipata kitambaa kinachofaa.

Kosa la pili ni kuwakalisha ukingoni na masufuria maisha yao yote, kisha siku mtoto akiteleza tunategemea wao ndio wamwokoe. Ni mama au dada ndiye anayekuwa karibu na mtoto. Ni yeye anayeruka. Na ni yeye ambaye hakufundishwa. Imepokewa na Nasai kwamba Mtume (s.a.w.) ametaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa upuuzi, na miongoni mwake ni mtu kucheza na ahli zake, na kujifunza kuogelea. Yote mawili yamo katika hadithi moja! Katika miaka ya 2010 kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje uliwafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamejisitiri kikamilifu, wakijishikiza kwenye madumu ya mafuta ya kula ili waelee. Sioni kwa nini madrasa zetu zenye walimu wa kike zishindwe. Maji ya kifuani, asubuhi, wanawake peke yao, mwalimu anayejua. Hata akijifunza kuelea chali tu na kutulia mpaka asaidiwe, ameshapata kitu ambacho yule binti wa miaka kumi na nne hakuwa nacho.

Pale mnapofika, kabla mikeka haijatandikwa, teueni mlinzi wa maji. Mmoja kwa jina lake, si "sote". Kazi yake ni kutazama maji na kuhesabu vichwa. Hapigi picha, hashiki simu, hali, hasikilizi kisa cha harusi ya nani. Baada ya dakika kumi na tano anamkabidhi mwingine kwa maneno: "Watoto kumi na wawili, ninakukabidhi." Walio chini ya miaka saba wawe karibu, mkono wa mtu mzima uwafikie. Mwenye kifafa asiingie bila mtu mzima aliyemshika, hata kama hajaanguka mwaka mzima. Viatu viwe raba au yeboyebo zenye kamba ya nyuma. Kandambili kwenye mawe ya ukungu ni mtego.

Chukueni kamba ya mita ishirini na dumu tupu la lita ishirini lenye kifuniko kinachobana. Vitu hivi havigharimu kitu, viko nyumbani. Dumu hilo likifungwa kamba na kutupwa kwa anayezama linambeba, nawe umebaki nchi kavu. Asiyejua kuogelea asiruke. Nalirudia kwa sababu huruma itakusukuma: usiruke. Tupa dumu, tupa kamba, nyoosha tawi, funganisheni kanga.

Akishatolewa, msimning'inize. Msimkamue tumbo, msimzungushe. Maji ya tumboni si yanayomwua. Kinachomwua ni kukosa hewa, na kila dakika mnayopoteza kumwaga maji mnaitoa kwenye uhai wake. Mlaze chali. Kama hapumui, inua kidevu, ziba pua yake, weka mdomo wako juu ya mdomo wake na pulizia pumzi tano, kila moja mpaka uone kifua kinainuka. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara thelathini, kwa nguvu na kwa haraka, karibu mara mbili kwa sekunde, halafu pumzi mbili, na tena thelathini. Mtoto mdogo tumia kiganja kimoja. Akitapika mgeuze ubavu, safisha mdomo, endelea. Endeleeni hata ndani ya gari. Asiye mahram asisite hapa; dharura ina hukumu yake, mwulizeni ustadh wenu kabla ya safari ili siku hiyo pasiwe na mjadala. Na aliyezinduka, hata akisema yuko mzima na anataka soda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mapafu yanaweza kumgeuka baada ya saa kadhaa.

Mengine nayapitia haraka. Pilau iliyopikwa alfajiri, ikafungwa ya moto kwenye ndoo ya plastiki na kuliwa saa nane mchana, imekaa saa tisa kwenye joto ambalo vijidudu wanalipenda, na sumu ya baadhi yao haiondoki kwa kupasha moto. Pikeni kule kule, au mchukue mikate, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi, machungwa na kashata. Maji ya kunywa mtoke nayo nyumbani. Pakiti mbili za ORS, bandeji, dawa za wenye pumu na kisukari ziwe kwenye mkoba mmoja unaojulikana alipo. Jueni zahanati ya karibu iko wapi na kama iko wazi siku hiyo. Kwenye misitu yenye unyevu kuna ruba; mkague mtoto miguuni kabla ya kupanda gari. Sala msiziache zipite kwa sababu ya kuogelea, na tope la mtoni si najisi, mtu asikose Adhuhuri kwa kisingizio cha nguo.

Baba wa wale mabinti nakutana naye msikitini. Hatulizungumzi. Mwaka huu kamati ile ile imenialika tena, na safari hii katika ajenda waliyoniletea jambo la kwanza ni maji, la pili ni orodha ya wanaojua kuogelea. Kati ya watu wazima ishirini na sita waliojiandikisha, waliojua walikuwa wawili, na mmoja wao ni dereva wa Kosta. Tumekubaliana safari isogezwe hadi Agosti, na akina dada saba wameshaanza kujifunza.

Wabillahi tawfiq.